Inchi za Mtutu, Hatua za Mguu

Mhadhara wa wazi uliotolewa mbele ya wakufunzi na wanafunzi wa uhifadhi, wawindaji bingwa, askari wa wanyamapori na wananchi. Umechapwa kama ulivyosemwa, ila umefupishwa mahali pachache.

  

 Mstaafu huitwa mara nyingi kwenye harusi na misiba. Kuitwa kufundisha tena ni heshima ambayo sikuitarajia, na nitajitahidi nisiirefushe kupita kiasi, maana mada yenyewe ni urefu.

Mada hii imetokana na swali. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, leo ni mwindaji bingwa, alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mgeni wake anakuja kuwinda mbogo na bunduki ya kaliba .375, lakini mtutu wake ni wa inchi 18. Vitabu vyote alivyosoma vinataja inchi 24. Akaniuliza: "Mwalimu, nimkatalie?" Nilimjibu kwa sentensi moja, kisha nikakaa siku tatu nikijiuliza kama sentensi ile ilitosha. Haikutosha. Ndiyo maana niko hapa.

Kusudi langu leo ni kueleza mambo mawili: urefu wa mtutu unafanya nini kwa kasi ya risasi, na kasi hiyo inafanya nini kwa mnyama. Nina hoja saba. Ili asiyependa kusubiri apate chake mapema, nasema jibu sasa hivi: kila inchi ya mtutu ina bei, na bei hiyo hupimika, lakini deni la inchi nne hulipwa kwa hatua hamsini za mguu. Yote yatakayofuata ni kuthibitisha sentensi hiyo na kuonyesha mipaka yake.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kiswahili chetu huita "risasi" kitu kizima kinachoingia kwenye chemba, na pia kile kinachoruka. Leo kile kinachoruka nitakiita kichwa, na kinachobaki nitakiita ganda. Urefu wa mtutu hupimwa kutoka uso wa komeo lililofungwa hadi mdomoni, kwa hiyo chemba imo ndani ya hesabu. Na nikitaja kasi bila kufafanua, ni kasi ya kichwa kinapotoka mdomoni mwa mtutu.

Hoja ya kwanza: mtutu ni nafasi ya kusukumia

Nani hapa hakuchezea bua la jani la papai? Unatia punje ya mtama, unapuliza. Bua likiwa fupi, punje inaanguka miguuni pako. Likiwa refu kiasi, punje inampata mwenzako sikioni, na jioni mama yake yuko mlangoni kwenu. Ukiunganisha mabua mawili au matatu, pumzi inakwisha kabla punje haijafika mwisho. Inakwaruza ukuta wa bua na kutoka kwa uvivu. Mtoto anayejua hayo amekwisha kujua nusu ya mhadhara huu.

Kwenye bunduki, pumzi ni gesi ya baruti. Sindano inagonga fataki, baruti inawaka, na ndani ya ganda gesi inafikia shinikizo la karibu bar 4,000 kwa risasi nyingi za kisasa za kuwindia. Tairi ya gari lako dogo ina bar mbili na kidogo. Kilele hicho hufikiwa mapema sana, kichwa kikiwa kimesogea sentimita chache tu. Baada ya hapo kichwa kinakimbia mbele, nafasi nyuma yake inapanuka, na shinikizo linashuka. Kichwa bado kinasukumwa, kwa hiyo kasi bado inapanda. Ila kila inchi inasukuma kwa nguvu pungufu kuliko ile iliyoitangulia.

Chukueni mfano wa .30-06, risasi ya Kimarekani ambayo zile tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wake, 1906. Ganda lake lina nafasi ya takriban sentimita za ujazo 4.4. Kichwa kikishasafiri sentimita 40, gesi imetanuka na kujaza nafasi iliyo kama mara tano ya ganda. Kikisafiri sentimita 50, ni kama mara sita. Zile sentimita kumi za mwisho zinafanya kazi kwa gesi iliyokwisha kuchoka. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya mtutu hukipa kichwa zaidi ya robo tatu ya kasi yake yote, na nusu ya pili huongeza kilichobaki. Na safari nzima huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde na kidogo. Kope lako likipepesa mara moja, kichwa kingeweza kuufanya mwendo ule mara mia.

Hapo pana kanuni ya kwenda nayo nyumbani: ganda kubwa lenye baruti nyingi na tundu jembamba linahitaji mtutu mrefu, kwa sababu pumzi yake ni nyingi na njia ni nyembamba. Ganda dogo au tundu pana linamaliza kazi mapema. Ile .22 ndogo ya kufundishia shabaha ina baruti kidogo mno hata baada ya inchi 16 hivi haipati faida ya maana. Ukiendelea kuurefusha mtutu, msuguano unaanza kuila kasi. Lile bua la papai lililounganishwa.

Hoja ya pili: mitutu ilifupishwa kwa sababu baruti ilibadilika

Wazee wetu waliwinda kwa gobore, na gobore lilikuwa refu kama mwiko wa sherehe. Halikuwa pambo. Baruti nyeusi hutoa shinikizo dogo, na anayetaka kasi kutoka shinikizo dogo hana budi kulipa nafasi ndefu ya kusukumia. 

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki iliyoitumia. Shinikizo likapanda, kasi ikapanda, na mtutu ukaruhusiwa kupungua. Tofauti ya baruti hizo mbili ilionekana hapa kwetu Tanga, Novemba 1914. Askari wengi wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser za muundo wa 1871, za baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Walishinda vita ile, lakini moshi ule hawakuusahau.

Waingereza nao, mwanzoni mwa karne ya 20, waliipunguza bunduki yao ya Lee-Enfield kutoka mtutu wa inchi 30 hadi inchi 25 na kidogo, ili mwenye farasi na mwenye miguu watumie silaha moja. Mabingwa wa shabaha walilalamika sana, wakisema jeshi limeharibiwa. Bunduki hiyo fupi ikapigana vita viwili vya dunia. Babu zetu wa jeshi la King's African Rifles (KAR) walibeba bunduki za ukoo huo hadi Burma. Mwaka 1944 Waingereza wakaifupisha tena, hadi chini ya inchi 19, kwa ajili ya mapigano ya msituni. Safari hii walikuta mpaka: mwali mdomoni ukawa mkubwa hata ikabidi waweke kifaa cha kuuficha, na teke la bunduki likawa kali begani.

Mnaona basi kwamba ubishi huu ni wa zamani. Ndugu yangu pale nyuma anatabasamu. Nadhani babu yake alipigwa teke hilo.

Hoja ya tatu: bei ya inchi moja

Sasa tufike kwenye fedha taslimu. Njia ya kupima ni rahisi kuieleza, ingawa ina gharama. Unachukua mtutu mmoja mrefu, unapiga risasi kadhaa za aina moja kupita kwenye kipima-kasi, unaandika wastani. Fundi anakata inchi moja, anausawazisha mdomo, unapima tena. Unaendelea hadi mtutu ubaki kisiki. Watu wengi wamefanya hivyo, na majibu yao hayatofautiani sana.

Kwa risasi za kiwango cha kati kama .308 na .30-06, kila inchi kati ya 18 na 24 huwa na thamani ya mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Kwa zile zenye ganda kubwa na tundu jembamba, hupanda hadi mita 9, 12, pengine 15. Kwa .375, yenye tundu pana, tuhesabu mita 7 hadi 8.

Zingatieni mambo mawili yanayoharibu hesabu nzuri. Kwanza, namba iliyoandikwa kwenye boksi la risasi kwa kawaida imetoka kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 24. Mwenye mtutu wa inchi 20 anayeamini boksi anaamini namba ya mtu mwingine. Pili, mitutu miwili ya kiwanda kimoja, yenye urefu uleule, inaweza kupishana kwa mita 15 kwa sekunde au zaidi, kwa sababu ya tofauti ndogo za tundu na chemba. Yaani mtutu mfupi wenye bahati unaweza kuupita mrefu uliozaliwa mzito. Ongeza joto: baruti iliyokaa juani kwenye dashibodi ya Land Cruiser huwaka kwa ukali kuliko ile ya alfajiri.

Kupima kasi kwa kifaa si jambo geni. Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu mwaka 1742 akieleza jinsi alivyopiga risasi kwenye kipande cha mbao kilichoning'inizwa kama bembea, akapima kilivyorudi nyuma, na kutoka hapo akakokotoa kasi. Alifanya hivyo kwa mbao na kamba, karibu miaka 300 iliyopita. Sisi wenye vipimo vya betri tunaoingia porini tukitegemea namba ya boksi hatuna udhuru.

Hoja ya nne: mnyama haoni inchi

Hapa ndipo kiini, nami nitakaa kidogo.

Turudi kwa yule mgeni wa .375. Risasi hiyo ya kampuni ya Holland & Holland ilitoka mwaka 1912, na nchi nyingi za Afrika huifanya kaliba hiyo kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 19.4, na kutoka mtutu wa inchi 24 huenda kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Mtutu wa inchi 18 umepungukiwa inchi sita. Tuseme kasi inashuka hadi mita 725. Nishati inatoka karibu jouli 5,800 hadi kama jouli 5,100. Kwenye karatasi hasara hiyo inaonekana kubwa, zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Lakini kichwa kizito cha aina ile hupoteza kasi hiyohiyo kwa hewa tu kikisafiri takriban mita 60. Kwa hiyo mbogo anayepigwa na mtutu mfupi akiwa mita 40 anapokea kilekile ambacho angepokea kutoka mtutu mrefu akiwa mita 100. Wawindaji bingwa mliomo humu, nani kati yenu amewahi kusema .375 haiui mbogo kwenye mita 100? Naona hakuna mkono. Basi jibu la kijana wangu lipo hapo: asimkatalie mgeni, amkaribishe, kisha amsogeze.

Kwa .30-06 hesabu ni ileile. Kichwa cha gramu 11.7 hutoka inchi 22 kwa mita 820 hivi. Ukipunguza hadi inchi 18, kinatoka kwa mita 790. Zile mita 30 kwa sekunde hupotea hewani ndani ya mita 40, ambazo ni hatua hamsini za mtu mzima. Na njia yake angani? Kwenye mita 100 tofauti ya kushuka haifiki sentimita moja. Kwenye mita 200 ni kama upana wa vidole viwili, kabla hata hujairekebisha darubini. Eneo la moyo na mapafu la swala pala ni upana wa sahani ya chai na kuzidi. Anayekosa sahani asidai ni kwa sababu ya vidole viwili. Mkono wake ulitikisika.

Mpaka wa hoja yangu ni huu. Vichwa laini, vile vinavyofunguka kama ua ndani ya nyama, vinahitaji kasi ili vifunguke. Vingi huanza kushindwa kasi ikishuka chini ya mita 550 hivi kwa sekunde. Hapo hupenya kama msumari, mnyama anakwenda mbali na kufa kwa mateso. Mtutu mfupi unaileta siku hiyo karibu. Kwenye mita 100 hutaiona. Kwenye mita 300, kwa pofu aliyesimama kwenye mbuga wazi, utaiona. Kwa hiyo mwenye mtutu mfupi anaruhusiwa kila kitu isipokuwa umbali. Hilo alijue kabla ya kupanda gari.

Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mimi naongeza maelezo ya kifundi tu: simba huyo anapunguza upotevu wa kasi.

Hoja ya tano: urefu si shabaha

Hapa nitapita haraka. Kuna imani kwamba mtutu mrefu hupiga sawasawa zaidi. Imani hiyo ina mzizi wa kweli, ila umeota penginepo. Zamani tulilenga kwa vyuma viwili, kimoja nyuma na kingine mdomoni. Vikiwa mbali, kosa la jicho hupungua. Ukikosea nusu milimita na vyuma viko sentimita 80 kutoka kimoja hadi kingine, kwenye mita 100 utakosa kwa sentimita 6 hivi. Vikiwa sentimita 60, utakosa kwa 8. Mrefu akashinda. Darubini ilipokuja, faida hiyo ikafa.

Mtutu wenyewe, ukiwa mfupi na unene uleule, ni mgumu zaidi na hutetemeka kidogo. Kuhusu kuzunguka kwa kichwa, hiyo ni kazi ya michirizi: ikizungusha mara moja kila inchi kumi, kichwa cha .30-06 hutoka kikizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde, mtutu uwe mrefu au mfupi kidogo.

Kinachoharibu shabaha ni mdomo uliokatwa vibaya. Wapo wanaodhani msumeno wa chuma na tupa vinatosha. Gesi ikipenya upande mmoja kabla ya mwingine, kichwa kinaanza safari kikiwa kimeinama. Tena kugusa mtutu ni jambo la sheria. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, si ya gereji.

Hoja ya sita: deni linalolipwa na mwingine

Mpaka sasa nimeutetea mtutu mfupi. Sasa naugeuzia kibao.

Gesi inayokosa kazi ndani ya mtutu hutoka nje ingali na shinikizo kubwa. Inatoka kama mwali na kishindo. Mlio wa bunduki ya kuwindia hufika desibeli 160 au zaidi, na wataalamu wa masikio huweka hatari ya mlio wa ghafla kuanzia 140. Mtutu ukifupishwa, kishindo kinaongezeka na pia kinasogea karibu na masikio. Huko Norwe na Finland wawindaji wengi hufunga kizima-sauti mdomoni, na hiyo ni sababu mojawapo ya mitutu mifupi kupendwa Ulaya: wanauacha mtutu mfupi ili kizima-sauti kisiirefushe bunduki mno. Mgeni akija hapa bila kifaa hicho, ameleta nusu ya mpango. Kama kifaa hicho kinaruhusiwa hapa kwetu ni suala la vibali, siingii humo.

Nani anasimama karibu na mdomo wa mtutu? Mgeni yuko nyuma ya bunduki, na mara nyingi ana vizibo vya masikio. Kishindo huenda mbele na pembeni kwa ukali zaidi. Mbele na pembeni yupo mfuata nyayo, ndugu yetu, ambaye hakuna aliyemnunulia kizibo.

Nilifanya kazi na mzee mmoja, mfuata nyayo hodari kuliko wote niliowaona. Alikuwa akitambua mbogo kabla hatujaona hata mkia, kwa kusikia shashi, wale ndege wapandao mgongoni mwa mbogo, na sauti yao nyembamba ya kukwaruza. Baada ya misimu mingi aliacha kuwasikia. Sauti nyembamba ndizo zinazokufa kwanza sikioni. Bado alisoma udongo kama gazeti, lakini siku moja tuliingia katikati ya kundi lililolala kichakani, na shashi walikuwa wakipiga kelele tangu mbali. Mimi niliwasikia nikadhani naye anawasikia. Tulitoka salama kwa bahati. Sijasahau uso wake alipotambua kilichotokea.

Wakufunzi wenzangu, tunapohesabu bei ya inchi, tuiweke na hiyo kwenye daftari.

Hoja ya saba: pori ndilo linalochagua

Mtu akiniuliza urefu ulio bora, namuuliza anawinda wapi. Kwenye vichaka vizito vya mtoni, ambako mbogo huonekana akiwa mita 30 na matawi yanashika kila kitu, inchi 20 hadi 22 zinageuka upesi na hazikwami. Kwenye miombo ya kawaida, inchi 22 zinatosha kwa kuro, kongoni na tandala. Kwenye mbuga wazi, ambako swala granti na pofu hawakuruhusu kusogea, inchi 24 na risasi ya kasi zina maana, na hapo hata 26 kwa ganda kubwa sioni vibaya.

Bunduki ya mitutu miwili ni kesi ya pekee. Kwa kuwa haina komeo la kuvuta nyuma na mbele, mwili wake ni mfupi, hata mitutu ya inchi 24 inaifanya bunduki nzima ilingane na ya komeo yenye mtutu mfupi zaidi. Ndiyo maana wazee wa mbogo na tembo waliipenda: urefu wa kasi ndani ya umbo la kichakani.

Siwezi kufunga hoja hii bila kumtaja Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7 ambayo leo sheria haingemruhusu aielekeze kwa tembo. Idadi ile kwetu leo ni huzuni kuliko sifa, na simtaji ili aigwe. Namtaja kwa sababu ya msumeno wake. Alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo umekaa wapi hasa, kutoka kila upande. Alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, akasogea karibu, akapiga alipopajua. Wenzake walibeba mizinga begani wakapata matokeo hafifu kuliko yake. Msumeno ule aliutumia kwenye fuvu. Sisi tunautaka kwa mtutu.

Kufunga na kutazama mbele

Mheshimiwa mgeni rasmi, naelekea mwisho. Nchi yetu ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua mwaka 1978. Jirani zetu Kenya waliufunga mwaka 1977 na hawajaufungua hadi leo. Kwa hiyo uwindaji huu tunaoufundisha si haki tuliyozaliwa nayo, ni ruhusa. Kila mnyama anayejeruhiwa na kuachwa porini hudhoofisha ruhusa hiyo kuliko hotuba yoyote ya wapinzani wetu.

Nina maombi matatu kwa chuo na kwa wenye vitalu.

La kwanza: kila bunduki inayoingia porini iwe na daftari lake. Ipimwe kasi kwa risasi zilezile itakazotumia, uandikwe umbali wa mwisho ambao kichwa bado kinafunguka, na mwindaji bingwa ausome ukurasa huo kabla ya kusaini. Kipima-kasi kimoja kinatosha kambi nzima.

La pili: vizibo vya masikio viwe sehemu ya vifaa vya mfuata nyayo na askari wa wanyamapori, kama viatu. Bei yake ni ndogo kuliko boksi moja la risasi za .375.

La tatu linawahusu wanafunzi. Kwenye mtihani wa shabaha, tuongeze alama za kusogea. Mwanafunzi apewe lengo mita 150, aruhusiwe kupiga hapo au kutambaa hadi mita 80 bila kuonekana, na apate alama zaidi akichagua kutambaa. Miaka yote tumefundisha watu kubonyeza. Tufundishe sasa watu kukaribia.

Na yule kijana? Alinipigia tena juma lililopita. Mgeni bado hajafika, lakini yeye mwenyewe ameanza kupima hatua kambini, kutoka kwenye hema lake hadi kwenye mbuyu. Ni hatua themanini, mita 60, zile inchi sita za mgeni wake. Kila asubuhi anazitembea kimyakimya, bila kuvunja kijiti.

 Nipo tayari kwa maswali, na mwenye swali asogee karibu; sikio langu la kulia nalo lilikuwa upande wa mtutu.